Baba Siwangu Haitiki

Baba yangu alikuwa na maoni juu ya majina ya watoto wa watu, na maoni yale hakuyaweka moyoni. Alikuwa karani wa ghala la reli, Mhaya aliyeteremka Dar es Salaam mwaka 1935 na sanduku moja la bati, akapanga vyumba viwili Keko. Jina lake Projestus. Ukutani alitundika kalenda ya watakatifu aliyopewa na padri, na kwa akili yake humo ndimo yalimokuwa majina yote yanayomfaa binadamu. Mtoto kazaliwa leo? Tazama kalenda, umpe jina la mtakatifu wa leo, basi.

Keko ilimtesa. Jirani yetu Jabiri, fundi seremala, alipata mwana wiki ile Mfalme wa Uingereza alipovikwa taji, akamwita Koronesheni. Mwingine alizaliwa askari walipokuwa wakipanda meli kwenda kupigana, akaitwa Vita. Kulikuwa na Tabu wawili, Mashaka mmoja, na Sikudhani, ambaye mama yake alikwisha kukata tamaa ya kuzaa. Baba alikuwa akisimama barazani na kutikisa kichwa, akisema mtoto si gazeti hata aandikwe habari za siku. Bi Nunu, mkunga wa mtaa, bibi wa Kizaramo asiyemwogopa karani wala bwana shauri wa serikali, alimjibu siku moja kwamba gazeti na kalenda vyote ni karatasi. Baba aliingia ndani akapiga pasi suruali ambayo ilikuwa imekwisha pigwa.

Nisije nikamchekesha mtu bure. Nyuma ya ubishi ule kulikuwa na makaburi matatu. Apolinari aliishi miezi mitano, Didas siku tisa, na Demetria alifika kuota meno mawili. Wote watatu walipewa majina ya kalenda, wakabatizwa, wakazikwa. Mama, Kokushubila, alipobeba mimba ya nne, alikuwa hawezi hata kushona kanzu ya mtoto. Kila akishika sindano, mikono ilikataa.

Mwaka 1944 nikazaliwa mimi, mikononi mwa Bi Nunu. Baada ya kunikata kitovu alimkalisha mama na kumweleza mambo ya pwani. Mtoto ambaye wenziwe hawakai, alisema, hutupwa jaani. Mtu baki akimwokota, huyo ndiye atakayemtaja jina, na jina lenyewe liwe baya, la kitu kisichotakiwa, ili kifo kikipita kione hapa hapana cha kuchukua. Kisha mama humkomboa mwanawe kwa yule aliyemwokota, kwa sahani ya chakula. Mama alikuwa Mkatoliki wa rozari asubuhi na jioni, lakini alikubali palepale. Ukifika kwa wenye chongo nawe fumba jicho. Mama wa makaburi matatu hufumba yote mawili.

Baba hakuambiwa. Siku ya saba, alipokwenda kazini, nikalazwa kwenye ungo juu ya jaa, nyuma ya duka la Muhdhar. Huyu Muhdhar alikuwa Mshihiri, Mwarabu mtu mzima, mpole, hana mke wala mtoto, anauza sukari, mafuta ya taa na tende. Mpango ulikuwa jirani yetu Apolonia apite kama mtu aliye na safari zake, aniokote, apige kelele za kushangaa, aniite Takataka. Jina lilikwisha kuchaguliwa. Mama na Bi Nunu walijificha nyuma ya ua wa makuti, kwa sababu mzazi haruhusiwi kumgusa mtoto kabla hajatajwa jina.

Apolonia akachelewa. Anasema maharage yalikuwa yanaungua. Mie nasema alikuwa anapiga soga, maana ndiyo tabia yake mpaka leo. Muhdhar akatokea na gunia la makumbi ya nazi, aje kumwaga, akaona ungo unalia. Gunia likamwanguka. Alinibeba, akatoka nami mbio mpaka barabarani, na hapo ndipo akili ikamrudia: mwanamume asiye na mke, amekumbatia mtoto mchanga, saa tatu asubuhi, na mtaa mzima macho. Watu wakaanza kutoka majumbani. Maskini Muhdhar akawa anazunguka huku na huku, anamwonyesha kila mtu, na kuapa: "Wallahi si wangu. Jamani, huyu si wangu."

Bi Nunu alitoka uani amejishika mbavu. Alisema mila ni mila, aliyeokota ametaja, na jina lenyewe hata yeye asingelipata lililo bora kuliko hilo. Mtoto aliyekanwa mbele ya watu wote, kifo kitamtakia nini? Nikaitwa Siwangu. Mama alimpelekea Muhdhar wali na kuku, naye alipoelezwa kisa akala huku anafuta machozi, akarudisha sahani ikiwa na tende. Tangu siku hiyo nilikuwa na hesabu yangu ya tende kila Ijumaa.

Baba aliporudi alikuta jina limefika mwisho wa mtaa. Hakupiga mtu, hakuwa mtu wa kupiga. Alivaa koti, akaenda kwa padri jioni ileile, na Jumapili nikabatizwa Jovina. Basi nyumba ikawa na mtoto mmoja mwenye majina mawili. Baba peke yake akaniita Jovina. Mama, Bi Nunu, Muhdhar na Keko yote wakaniita Siwangu. Na kwa kuwa desturi ya watu ni kumwita mzazi kwa jina la mwanawe, mtaa ukamwita Baba Siwangu. Hakuitika. Mtu angemwita mara tatu, nne, yeye anatazama mbele, mwavuli kwapani. Jabiri aliwahi kumfuata kutoka Keko hadi karibu na stesheni akimwita hivyo ili amrudishie kofia iliyopeperushwa na upepo, na baba akafika kazini kichwa wazi.

Nilimpenda sana baba yangu kwa ukaidi ule. Na nilikua. Surua ilipita, kifaduro kikapita, nikaota meno, nikayang'oa, nikaota mengine. Nilipofika umri wa miaka saba nilikuwa mrefu kuliko Koronesheni alivyokuwa kwa umri huo, na jina langu nililichukia kama shubiri. Bombani wasichana walikuwa wakinipokonya zamu na kuniuliza, kama wewe si wangu, basi wa nani? Sikuwa na jibu ila ngumi.

Kwa hiyo mwaka 1951, ilipotimia siku ya kuandikishwa shule ya misheni, nilimwomba baba jambo moja. Nilitaka shuleni niwe Jovina tu, lile lingine lisijulikane. Uso wa baba ulifunguka. Miaka saba amepigana vita peke yake, leo kapata askari. Aliahidi. Mama aliposikia aliinamisha uso kwenye sinia ya mchele, akasema wewe ndiye baba yake, fanya uonavyo. Vidole vyake viliendelea kuchambua, lakini niliona anatupa mchele na kubakiza mawe.

Tulikwenda asubuhi, baba na suruali yake nyeupe, mimi na gauni la buluu. Mwalimu Revelian, mtu wa Bukoba mwenzake, alikuwa mezani na daftari kubwa. Nikaamkia shikamoo, nikasimama wima, nikiwa tayari kuzaliwa upya. Mwalimu aliandika jina la baba, kazi yake, parokia. Kisha akauliza huyu ni mtoto wa ngapi.

Baba akasema wa nne.

Mwalimu akauliza wakubwa zake ni akina nani, na wanasoma wapi, maana hajawaona. Aliuliza tu kama walimu wanavyouliza, kalamu imekwisha chovywa wino.

"Apolinari," baba alisema. "Didas. Demetria. Hawasomi, mwalimu. Hawakukaa."

Mwalimu akampa pole. Halafu akateremsha kalamu mstari wa chini na kuuliza jina la huyu.

Mkono wa baba ulikuwa kichwani kwangu. Nilihisi umekuwa mzito. Nilimtazama, nikamwona anatazama ule mstari mtupu kwenye daftari. Nikamvuta shati kumkumbusha.

"Siwangu," akasema.

Mwalimu alicheka, akauliza kama mtu aliyesoma anaweza kumpa mwanawe jina la namna hiyo.

"Wale watatu niliwapa mazuri," baba alimjibu. "Andika hilo hilo."

Nililia njia nzima. Nilimwambia ni mwongo, nikakataa mkono wake, nikakaa chini mavumbini na gauni langu jipya. Alinibeba mgongoni, mtoto wa miaka saba, miguu inaning'inia, suruali nyeupe inachafuka, na hakunikemea hata mara moja. Tulipopita dukani Muhdhar alimsalimu kama kawaida, Baba Siwangu, habari za asubuhi. Baba akasimama.

"Nzuri, Muhdhar," akasema. "Tunatoka shule."

Muhdhar alibaki na kipimo cha sukari mkononi, sukari inamwagika. Mimi niliendelea kulia, kwa maana nilikuwa bado sijui nimepewa nini.