Matumbo Mawili kwenye Karatasi

Jumatatu, bandarini Kalemie, nilikuwa kwenye foleni ya tiketi za boti ya Kigoma. Mbele yangu mama mmoja alikuwa akikunja na kukunjua karatasi. Daktari wa ng'ambo ya ziwa, aliyekuwa akienda kupasuliwa kwake, alikuwa amemchorea humo operesheni mbili za kupunguza uzito: moja ya kukata sehemu kubwa ya tumbo, nyingine ya kuliacha dogo na kuliunga na utumbo chini zaidi. Ovari zake, nilimsikia akisema, zina ugonjwa: siku zake hupotea kwa miezi, mwili huongezeka, sukari ya damu hupanda, mimba haiji.

“Hii ya pili njo inashusha sukari sana,” alimwambia yaya yake, dada yake mkubwa aliyesimama naye, “lakini inataka vitamini nyingi zaidi, maisha yote. Nitazipata wapi hapa?”

“Basi chukua ya kwanza.”

“Wakishakata, yaya, hawarudishi.”

Papa mmoja, baba wa makamo nyuma yangu, akaingilia: “Mama, acha tu bukari, ugali huo wa kila siku!”

Akageuka. “Papa, nimeiacha miaka miwili. Ovari hazikusikia.”



Zamu ilipofika, mama alimwambia mkata tiketi: “Kwenda na kurudi.” Kisha akamgeukia dada yake: “Yaya, nimechagua ya kwanza. Vitamini zake nitaziweza.”

Foleni nzima tulikuwa na shauri la kumpa. Tumbo la kukatwa lilikuwa lake peke yake.