Bakuli la Futari na Jirani wa Juu

Jamani, leo nimejisifia jirani yangu mbele ya darasa zima, na jioni nimejibiwa.

Mnakijua kile kikundi chetu cha kujitolea chuoni. Mimi, mwanafunzi mwenye kitambi na mvi nyingi kuliko wahadhiri, huwaeleza wenzangu maisha ya mwanamume anayependa wanaume.

Kijana mmoja akauliza, "Na watu wa kwenu hapa London wanakukubali?"

Nikavimba kichwa. "Jirani yangu wa ghorofa ya juu, Mzanzibari mwenzangu, ni dada yangu kabisa! Nikimpelekea bakuli la futari, halirudi tupu hata siku moja."

Kumbe Salma, bintiye, kakaa nyuma. Akainamisha kichwa.

(Mamake sikuwahi kumwambia. Nilidhani anajua, ananistahi tu.)

Kabla ya kufuturu, mlango ukagongwa. Salma, na bakuli langu la jana.

"Mama kasema nikurejeshee, anko."

"Hajasema jengine?"

"No. Sorry, anko."

Limeoshwa, limekaushwa, linang'aa. Ndani hamna hata tende.

Na mimi, mjinga, nishakaanga bajia za nyumba mbili.

Nyie mnaozijua desturi zetu: nilijaze tena nilipeleke juu, au nimeshafukuzwa?