Nani Atashika Kamera?

Juzi, nikisubiri picha zangu katika studio moja pale River Road, Nairobi, mzee mmoja na mkewe walikuwa wakipitia picha za safari yao ya kwanza Ulaya. Hapa mama yuko peke yake kwa daraja. Pale mzee yuko peke yake kwa theluji.

"Kwani mlienda tofauti?" mwenye studio akauliza.

"Watu walitaka kutupiga picha pamoja," mama akasema. "Huyu akakataa kuwapa kamera. Ati watatoroka nayo."

"Na wangetoroka, nani angewakimbiza kwa hiyo theluji?" mzee akamjibu.

Mama akatoa kamera kwa mkoba, akanipa mimi asiyenijua. "Tupige sasa."

Mzee alikubali, akamkumbatia mkewe, akatabasamu vizuri kabisa. Ila kwanza alimvuta wakasimame mlangoni, nisipate pa kutokea.