Migomba ya Mama Mkwe Iliyoziba Setilaiti

Nilikuwa na mtoto mgongoni na ndoo kichwani nilipoambiwa kwamba bomba halitafika kwetu Kimuli. Mtaalamu wa maji amepima, majirani wakasema, chemchemi iko chini kuliko mahali pa tangi, na maji hayapandi mlima. Niliitua ndoo. Kila siku nashuka kutoka chemchemi hiyo nikikaza miguu nisiteleze, halafu mtu mzima na kipimo chake aniambie kwamba nilikuwa napanda?

Nikamfuata. Kipimo chake kilikisia mwinuko kwa mgandamizo wa hewa, ambao hupungua kadiri unavyopanda, na ile jiografia yangu ya sekondari ilitosha kumuuliza alipima saa ngapi. Chemchemi alipima asubuhi, jua likiwaka. Mahali pa tangi alipima alasiri, wingu la mvua limeshainama. Na katikati? Katikati alikuwa kwa mama mkwe akila ndizi na maharage, maana mgeni kupita kibanja chake, shamba lake la migomba, bila kula ni kumtukana. Mvua ilipokaribia hewa ilipungua nguvu sahani ikiwa mkononi, kipimo kikadhani kimepanda mlima.

Hakubisha. Ilikuwa miaka ya tisini, na wenzake wa mjini walikuwa wamepata vifaa vya kupokea setilaiti, visivyojali hewa wala mvua. Akarudi navyo. Kimoja alikiacha kilimani kwenye nguzo ya wapima ardhi kiwe cha kulinganishia, na alipomaliza kupima chemchemi akakileta kingine mahali pa tangi, yaani katikati ya migomba ya mama mkwe. Tukangoja. Hakikupata kitu. Akaeleza kwamba kinataka mbingu wazi, majani yanakiziba.

“Mbingu iko pale pale,” alisema mama mkwe. “Mwambie akitazamishe vizuri.”

Nikachukua panga. Akasimama mbele ya mgomba.

“Mkungu huu haujakomaa, mwanangu.”

“Na mgongo wangu, mama, umekomaa?”

Alinitazama, akamtazama mjukuu wake aliyelala huku shingo imepinda, kisha akaninyang'anya panga. Nikajua basi, yamekwisha. Kumbe aliona tu nimelishika vibaya, ningeumiza na machipukizi. Akaiangusha migomba mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, akiisema vibaya setilaiti kwa lugha yetu ya Kinyambo.

Mtaalamu alipopima tena na kutangaza kwamba chemchemi iko juu, tena juu sana, mama mkwe alikuwa ameshaanza kumenya zile ndizi changa. Mtaalamu akasogea jikoni. Mama mkwe akamzuia kwa kisu cha kumenyea.

“Umemaliza kupima kila mahali?”

“Nimemaliza, mama.”

“Haya, sasa kaa ule.”