Pole Iliyopelekwa Ohio

Kwenye baraza la usuluhishi la kata, pale Mlandege, mjumbe Veneranda Kikoti hakumruhusu mtu aanze na malalamiko. Awe mlalamikaji au mlalamikiwa, kila mmoja alitakiwa kwanza amwombe mwenzake radhi. Ng'ombe kala mahindi ya jirani, mpangaji kamwagia mwenzake maji machafu, yote aliyaanza hivyo hivyo.

"Msamaha haujaua mtu," alizoea kusema. "Ukweli tutautafuta tukishapoa."

Watu walimzoea. Aliyetangulia kuomba radhi hakuhesabiwa kuwa mkosaji, alihesabiwa kuwa amelelewa. Na ndivyo Veneranda alivyomlea mwanawe wa mwisho, Anania, aliyekwenda Ohio kusoma, akabaki huko akiendesha gari la kusambaza mizigo.

Mwaka jana, mvua zilipokuwa zimeanza, Anania alipiga simu akilia. Alikuwa amemgonga mzee mmoja aliyekuwa akivuka barabara, na mzee alikuwa amefariki hospitalini. Taa ilikuwa ya kijani upande wangu, alisema, mzee kaingia ghafla. Hapakuwa na mtu mwingine aliyeona. Polisi walikuwa wamemhoji na kumwachia wakati wanachunguza.

"Umeshakwenda msibani?" Veneranda alimuuliza.

"Mama, huku hawaendi. Jofrey kaniambia nikae kimya." Jofrey alikuwa Mtanzania mwenzake, wakiishi nyumba moja.

"Huyo Jofrey kalelewa na nani? Baba wa watu amekufa mikononi mwako, hata kama ni bahati mbaya, na wewe umejifungia chumbani? Nenda. Beba chakula, usiende mikono mitupu. Waambie nimekosa, nisameheni."

Anania akaenda. Alibeba wali na kuku wa kukaanga, akavua kofia mlangoni, akainamisha kichwa, akayasema maneno kama alivyofundishwa tangu utotoni. Mtoto wa marehemu alimsikiliza mpaka mwisho, simu mkononi ikirekodi video. Kisha akamrudishia kuku wake. Wiki haikuisha, Anania akakamatwa kwa kusababisha kifo kwa uzembe, na ushahidi mkubwa ulikuwa sauti yake mwenyewe.

Baada ya hapo Veneranda alihamia kwa muda Mbeya, kwa binti yake Eveline, muuza mitumba wa soko la Mwanjelwa, kwa kuwa simu za kutoka gerezani Jofrey alikuwa akiziunganisha kwenye namba ya Eveline. Mchana ulioamua mambo walikuwa wameketi nyuma ya rundo la makoti, na mteja mmoja alikuwa akichungulia tundu kwenye kwapa.

"Dada, hili si limeliwa na panya?"

"Hilo ni la kupitishia hewa, mpenzi. Nakupunguzia, lakini panya usimsingizie."

Simu ikalia. Kama kawaida, sauti ya mwanamke wa kwenye mashine ikatangulia kusema kwa Kiingereza kwamba mazungumzo yanarekodiwa.

"Huyu naye hachoki," Eveline akasema, akampa mama yake simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekula?"

"Nimekula." Halafu Anania akaeleza, taratibu, kama mtu anayesoma maandishi ya mwenzake. Wakili aliyepewa na serikali ana kesi nyingi mno, wameonana wamesimama kwenye korido. Mwendesha mashtaka anasema akikiri kosa atafungwa mwaka mmoja, kisha arudishwe Tanzania. Akikataa, kesi itasikilizwa na raia walioteuliwa kuamua, na wakishaitazama ile video anaweza kufungwa minane. Na hata kuisubiri kesi yenyewe ataisubiri humo humo ndani.

"Wote wanasubiri ndani?"

"Wenye uwezo wa dhamana wanasubiri kwao, mama."

"Na hakimu anajua kwamba taa ilikuwa ya kijani?"

"Hakimu hataniuliza habari ya taa. Ataniuliza kama nakiri."

Veneranda akaihamishia simu sikio la pili. Nchi ile aliyoisikia ikisifiwa kwa sheria zake, nayo inaanza na nimekosa! Tofauti ni kwamba yeye, baadaye, huutafuta ukweli. Au siyo kila mara? Zikamjia kesi moja baada ya nyingine zilizoishia kwenye kushikana mikono, watu wakatawanyika wakiwa na furaha, na hakuna mjumbe aliyekwenda kulitazama shamba.

"Usikiri, baba," akasema. "Usiseme umefanya kitu ambacho hukufanya."

"Mama, ulinituma nikaombe msamaha, nikaomba. Sikulaumu. Ila hili niachie mwenyewe. Nimechoka."

Simu ikakatika.

"Angemsikiliza Jofrey," Eveline akasema. Akamtazama mama yake usoni. "Nisamehe, mama."

"Usiniombe msamaha," Veneranda akamjibu. "Umesema kweli."

Anania alikiri wiki iliyofuata. Jofrey, aliyekuwepo mahakamani, alisema ilikuwa haraka kuliko foleni ya benki. Hakimu alimuuliza Anania kama kuna mtu aliyemlazimisha, naye akajibu hapana, kwa sababu wakili alikuwa amemwambia hilo ndilo jibu. Taa haikutajwa.

Veneranda akarudi Mlandege. Siku ya baraza aliletwa mjane mmoja, Paskalina, akidaiwa kung'oa vigingi vya mpaka wa jirani yake. Kabla hajaambiwa lolote, Paskalina akapiga magoti.

"Nimekosa, nisameheni."

"Safi kabisa," akasema mwenyekiti, mzee Bartholomeo, akianza kufunga jalada. "Haya, peaneni mikono."

"Uling'oa?" Veneranda akamuuliza mjane.

Paskalina akawatazama wajumbe mmoja mmoja, akitafuta wa kumsaidia. "Sikung'oa, mama. Lakini si ndivyo huwa tunaanza?"

Mtu mmoja akacheka. Veneranda akasimama, akajitupia khanga yake mabegani, akasema waende wakautazame huo mpaka. Bartholomeo alinung'unika kwamba kuna matope, ila akafuata.

Walipofika, mvua za mwezi mzima zilikuwa zimeshausawazisha udongo, na hakuna aliyeweza kuonyesha vigingi vilikuwa wapi.