Sisi Tulioosha Mbao za Kaka Zetu

Nyinyi wa rika langu mliokulia Koboko, huku kaskazini mwa Uganda, hamjasahau: madrasani wavulana waliandika aya kwenye mbao kwa wino wa masizi, na sisi wasichana kazi yetu ilikuwa kuziosha. Mimi peke yangu nimeosha mbao za kutosha kuezeka soko zima la Arua. Muhogo wa kuchoma nimeufunga kwenye pindo la kanga, kaka yangu Ramadhani ananihimiza, "Osha haraka, wewe. Mpira iko inaanza."

Sikuharakisha. Nilisoma kwanza, ndipo nikaosha. Siku moja maalimu alinifuma, akaniamuru nisome kwa sauti. Nikashuka na aya za ubao mpaka mstari wa chini bila kujikwaa. Alasiri hiyo hiyo akamfuata baba.

"Mzee, huyu mtoto iko na kichwa. Neno ya kwanza kuteremshwa ni soma. Peleka yeye shule na kaka yake."

Baba akacheka kwa upole. "Kichwa iko ya kubeba maji, maalimu."

Basi, Ramadhani akaenda shule Arua, mimi nikaenda kisimani. Likizo akarudi na viatu vinavyong'aa kuliko kioo cha kinyozi. Wivu ukanikaba, nikakizika kimoja kwenye unga wa muhogo. Mama alipokichota pamoja na unga, fimbo nilizokula zingejenga zizi.

Shule ya usiku nimeimaliza ukubwani, na vigelegele nilivyojipigia vilifika hadi mji wa Omugo. Majuzi mwalimu wa binti yangu Zainabu, aliye senia ya tatu, yaani kidato cha tatu, hapa Arua, akanialika darasani. Alikuwa akifundisha haki za wanawake katika nchi ambazo serikali inawafungia wasichana shule kwa jina la dini. Nikawaambia mimi sikufungiwa na serikali. Sauti ya baba ilitosha.

Msichana wa mbele akasimama. "Sasa mama, kwa nini ulinyamaza? Mimi ningekataa."

Wenzake wakampigia makofi. Enzi zetu swali kama hilo lingekuletea kofi la aina nyingine.

Nyuma kabisa, Zainabu wangu akapiga mwayo. "Haki za wanawake tena? Mwalimu, hii tumesoma mpaka tumechoka."

Simu zao sizitaki, na nywele zao za bandia wabaki nazo. Ule mwayo ndio ninaouonea wivu mpaka leo. Nani kati yetu aliwahi kushiba shule kiasi hicho?