Mpishi Aliyeapa Kwamba Hali Mboga

Kaeni vizuri, maana shangazi yangu si mtu wa kusimuliwa watu wakiwa wima. Kwa miaka ishirini na miwili amepikia shule ya bweni yenye wanafunzi mia nne, na kazini wanamwita Mwiko. Chumvi hapimi kwa kijiko, huonja. Huonja sufuria ikichemka, huonja ikikaribia kuiva, huonja ikiepuliwa. Chakula ambacho ulimi wake haujakipitisha hakivuki mlango wa jiko lile.

Sasa, shangazi ana valvu ya chuma moyoni, kilango cha kupitishia damu. Tangu awekewe, kila jioni humeza wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande kwenye hiyo valvu, na kila mwezi huenda kliniki kupimwa. Kipimo chake kinatakiwa kisome kati ya mbili na nusu na tatu na nusu. Kikishuka, damu inaganda upesi, na donge moja tu likienda kichwani, basi tena. Kikipanda, hata mkwaruzo unavuja bila kukoma.

Mwaka mmoja vipimo vilimchezea shere. Muhula ukiwa umeshika kasi, kikasoma moja nukta saba. Wakamwongezea dawa. Mara ya pili, moja nukta nane. Muuguzi wa kliniki, dada mmoja mpole wa miwani, akafunga mlango, akavuta kiti.

"Mama, tuambiane ukweli. Vidonge unameza?"

"Nameza."

"Kila siku?"

"Binti yangu, wiki niliyomzika mume wangu watoto wa watu walikula kwa wakati. Nitashindwa na kidonge?"

"Na mboga za majani?"

"Sigusi! Tangu mliponiambia nijihadhari nazo, sahani yangu haijaona jani."

Muuguzi akaongeza dawa tena, kisha akaandika kitu kwenye faili. Shangazi anajua kusoma maandishi kichwa chini miguu juu. Yalisema: huenda haelezi ukweli. Nyumbani ndipo alipowaka. "Mimi mwongo? Mimi!" Siku mbili nzima tulitembea kwa kunyata.

Shule ikafungwa. Wiki ya pili ya likizo fizi zikaanza kutoka damu akipiga mswaki, na mikono ikaota madoa meusi wala hajagongwa na kitu. Alipokwenda kliniki, kipimo kilisoma tano nukta nne. Wakamsimamishia dawa siku mbili, kisha wakaipunguza. Safari hii daktari mwenyewe alimkalisha chini.

"Mama, ukiendelea kuyumba hivi siwezi kukuacha jikoni, penye visu na mafuta ya moto. Muhula ujao nitaandika barua kwa mwajiri wako."

Shangazi alirudi nyumbani. Mtu anayeitwa Mwiko ukimtoa jikoni, utamwita nani tena?

Shule ilipofunguliwa, siku ya kwanza ilikuwa ya mchicha. Mchana ukafika, shangazi akajipakulia, akasukuma mboga pembeni mwa sahani kama kawaida yake. Mkata mboga, wanamwita Kisu, mzee mwembamba mwenye maneno ya kuchoma, akamtazama akacheka.

"Unamtengea nani hizo? Si umeshashiba!"

"Nimeshiba nini?"

"Mchicha. Tangu asubuhi nakuangalia. Sufuria tatu, na kila moja unairudia kama umesahau kitu."

"Kuonja si kula, bwana wee. Mpishi akionja hajala."

"Haya. Kaliulize tumbo kama linaijua hiyo sheria."

Angemrushia mwiko, lakini mkono ulibaki hewani.

Kesho yake, siku nyingine ya mchicha, aliweka bakuli tupu kando ya jiko. Kila akionja, Kisu anatia humo kiasi kilekile.

"Usinipunje," shangazi akamwonya.

"Na wewe usijibane. Onja kama siku zote."

Kabla ya saa sita bakuli lilikuwa limefurika, wakaanza la pili. Mchana uleule shangazi aliyabeba yote mawili hadi kliniki, akayatua juu ya meza ya muuguzi.

"Nini hiki, mama?"

"Uwongo wangu huo. Nilikuwa sijui kama ninao."

Muuguzi alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaacha kucheka. Akamweleza kwamba majani yana vitamini K, inayosaidia damu kuganda, na dawa inavuta upande wa pili. "Shule ikifunguliwa unavuta huku, sisi tunaongeza dawa. Shule ikifungwa unaachia kamba ghafla, dawa inabaki peke yake. Na kosa si lako tu. Mboga hazikatazwi. Tulitakiwa kukwambia ziwe kiasi kimoja kila siku."

"Kwa hiyo nionje au nisionje?"

"Onja. Lakini kwa kiasi kimoja."

Basi shangazi akatenga kibakuli kimoja kidogo cha mboga za siku nzima. Anachoonja kinatoka humo, kinachobaki anakila. Jumapili na likizo anakula kibakuli hichohicho nyumbani, hata kama uso unakunjamana, maana mboga zenyewe hazipendi. Kliniki wakampima kila wiki na kurekebisha dawa polepole.

Likizo iliyofuata, wiki ya pili, wiki ileile ya hatari, kipimo kikasoma mbili nukta tisa. Daktari hakuandika barua yoyote, aliandika tarehe ya kurudi baada ya mwezi. Nilikuwepo. Shangazi alisimama pale kama aliyetoka kulisha nchi nzima.

"Mama," muuguzi akamwita, "wagonjwa wengine niwaulizeje?"

"Usiwaulize wanakula nini. Waulize tangu asubuhi nini kimepita mdomoni."

Muuguzi akaandika, akamwita aliyefuata, akamuuliza hivyohivyo. Yule bwana akakuna kichwa, akahesabu vidole, akaanza upya. Shangazi alikuwa ameshashika kitasa cha mlango. Alirudi akaketi. Jibu hilo hakutaka limpite.